Kibanzi Kimoja kwa Aya Moja

Methali ya gogo ni nyepesi mdomoni, lakini ukipewa shoka butu na gogo la mninga ndipo utakapojua uzito wake. Wahenga walitaka tuelewe kwamba jambo lolote, hata liwe gumu namna gani, hufika mwisho likibanduliwa kidogo kidogo bila kuachwa. Watu wengi huitumia methali hiyo wanapozungumzia kuni. Huko Pito, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, huitumia wanapomzungumzia mtu aliyeitwa Marselino.

Mwaka 1986, walanguzi wa jana walipoanza kuitwa wafanyabiashara, malori yao yalipanda na kushuka Ufipa kama siafu waliomwagiwa maji. Marselino, mkulima wa mahindi na ulezi, aliagiza gogo la mninga kutoka kwenye misitu ya mbali, kwa maana uwanda wa Ufipa ni nyasi na upepo. Alikusudia kupasua mbao za milango ya nyumba ya Victor, mwanawe wa pekee, aliyekuwa amemchumbia binti aitwaye Jane. Utingo wa lori lililoleta gogo hilo alikuwa Isdori, mdogo wake Marselino wa tumbo moja.

Lilikuwa gogo kweli! Wenyeji husema lilipopita barabarani kuku waliacha kutaga wiki nzima, na mbwa mmoja aliyelibwekea akapoteza sauti mpaka kufa kwake. Kwenye lori lilizuiwa na kabari moja tu. Victor alikuwa nyuma, akiinama kunyoosha nguzo za kuteremshia. Watu walikuwa wakipiga kelele, kila mmoja amejipa usimamizi. Sauti moja ikapaa juu ya zote: "Toa kabari! Unangoja Krismasi?"

Isdori akatoa kabari. Gogo likashuka. Victor hakuwahi hata kugeuka.

Baada ya mazishi, mbele ya wafiwa wote, Marselino alimnyooshea mdogo wake kidole. "Huyu alitoa kabari bila kuambiwa na mtu. Sikilizeni nyote. Siku gogo hili litakapokwisha hapa uani kwangu, ndipo nitakapompa mkono. Na ole wake atakayelitia msumeno!"

Siku hiyohiyo Isdori alifunga shuka lake na kushuka Bonde la Rukwa, akaenda kuishi Milepa miongoni mwa Wasukuma wenye ng'ombe.

Gogo likabaki uani. Kalista, mke wa Marselino, alilizunguka kila asubuhi akifagia, kama mtu anayefagia kando ya kaburi lisilofukiwa. Alikuwa amejifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, na kusoma kwenyewe kulikuwa kwa kukwama na kujinasua. Mwaka uliofuata alimpa katekista Tadei debe la ulezi, naye akampatia Biblia. Ilipofunguliwa ilijigawa katikati, kwenye Zaburi, na Kalista akaona huo ndio mlango aliofunguliwa.

Asubuhi moja aliketi juu ya gogo na kitabu mapajani.

"Baba Victor, gogo hili litakwisha lini?"

"Lisipoguswa haliishi. Ndiyo maana nimeliacha."

"Na likiguswa?"

Marselino alicheka kicheko kikavu. "Unasoma kama kinyonga anayevuka barabara, kisha unataka kumaliza magogo? Haya, Mama Victor. Kila siku utakayosoma aya moja, bandua kibanzi kimoja. Kimoja tu! Ukiruka hata siku moja, mapatano yamekufa."

Alisema hivyo akijua kwamba kaburi la mkewe lingetangulia. Kalista hakubisha. Alisoma aya yake, akachukua kishoka, akabandua kibanzi cha ukubwa wa kiganja na kuwashia moto wa uji.

Ikawa hivyo kila siku. Ushirika ulifungwa milango, mbolea ikapanda bei hata mahindi yakaota ya manjano kama wagonjwa, maduka ya mjini yakajaa mitumba na redio za Kijapani. Kalista alisoma aya, akabandua kibanzi. Mvua ilinyesha, alisoma chini ya upenu, akatoka na kishoka amejifunika kiroba. Jane aliolewa kwingine. Siku ya harusi yake Kalista alisoma aya mbili kwa kusahau, na Marselino akamkataza kibanzi cha pili.

Marselino alikuwa amemaliza darasa la nne kwa mapadri, na kukwamakwama kwa mkewe kulimwasha masikio.

"Bwana ni m-chu... mchu-ngwa..."

"Mchungwa! Tangu lini Mungu akawa mti wa machungwa? Ni mchungaji, Mama Victor, mchungaji!"

"Ahsante, Baba Victor. Kumbe unasikiliza."

"Sisikilizi. Napigiwa kelele."

Lakini kesho yake alichelewa kwenda shamba mpaka aya iishe. Miaka ikapita, naye akawa haondoki kabisa kabla ya aya. Jumapili, hata hivyo, wakati wa kutakiana amani kanisani, aliweka mikono mfukoni. Mtu aliyemtajia Isdori alimwonyesha gogo. "Bado lipo," alisema. Kwa kweli lilikuwa limeshapungua nusu, lakini yeye alilitazama kwa jicho la siku ile.

Zaburi zilichukua karibu miaka saba. Zilipokwisha, Kalista alikuwa akisoma kama maji yanavyoshuka mfereji. Akafungua Injili ya Mathayo. "Sasa nataka kumwona Bwana mwenyewe," alisema.

Hakufika mbali. Juni hiyo upepo wa Ufipa ulimwingia kifuani na haukutoka. Kila asubuhi Marselino alimshika mgongo ili asome, kisha akamshika mkono wenye kishoka. Siku ya mwisho alisoma kuhusu maua ya kondeni yasiyofanya kazi wala kusokota nyuzi. Kibanzi kilichotoka kilikuwa chembamba kama ukucha. Alikiweka katikati ya kitabu kuwa alama.

"Usiruke siku," alimwambia mumewe. Mchana alikuwa amekata roho.

Asubuhi iliyofuata, maiti ikiwa bado ndani, waombolezaji walishangaa kumwona mzee anatoka na Biblia na kishoka. Nani angemdai? Mapatano yalikuwa ya mkewe, na mkewe hayupo. Mkono ndio uliokataa kukaa. Alisoma, akabandua, akarudi kulia.

Siku chache baada ya matanga, akiwa peke yake, aliketi juu ya kile kilichosalia, kipande cha ukubwa wa kigoda. Alisoma kwa sauti, kama alivyozoea kusikia. Ilikuwa ile aya inayomuuliza mtu kwa nini anakitazama kibanzi kwenye jicho la ndugu yake, wala haioni boriti iliyo kwenye jicho lake mwenyewe.

Marselino aliinamia kitabu. Akasoma tena. Akaangalia kibanzi mkononi, akaangalia alichokikalia. Kishoka kilimponyoka. Ile sauti iliyopaa juu ya kelele zote, "Unangoja Krismasi?", aliisikia upya, na mara hii hakuweza kujifanya haitambui. Ilikuwa yake. Kwa miaka minane alikuwa amemfungia mdogo wake shingoni gogo ambalo aliliangusha yeye mwenyewe.

Hakungoja likwishe. Alikitia kipande kile guniani, akaparamia lori la wanunuzi wa mpunga, akateremka bondeni. Milepa alipokewa na mzee wa Kisukuma aliyeitwa Masunga, aliyekuwa akikamua ng'ombe.

"Wewe ndiye kaka yake Isdori? Mnafanana pua," Masunga alisema, akikodolea gunia macho. "Mfipa hashuki bondeni na mzigo wa siri bure. Kama humo umebeba ile radi ya uchawi wenu, iache nje, nina ndama wachanga."

"Ni kuni tu, mzee mwenzangu."

"Basi ingia. Ila usimchoshe. Tangu masika hajasimama."

Isdori alikuwa amelala kwenye ngozi, tumbo limevimba, miguu kama mabua. Alipomwona kaka yake alijaribu kuinuka ili apige makofi kama Wafipa wanavyomwamkia mkubwa, lakini viganja havikukutana.

"Shikamoo, kaka. Limekwisha?"

"Marahaba. Halijaisha. Mimi ndiye niliyekwisha." Marselino alipiga magoti kando ya ngozi. "Isdori, nani alisema toa kabari?"

Mgonjwa aligeuza uso ukutani. "Upepo, kaka. Siku ile kulikuwa na upepo mwingi."

"Hakukuwa na upepo. Nilisema mimi. Masunga, sikia na wewe, uwe shahidi: nilisema mimi, nikamsingizia huyu mbele ya kaburi la mwanangu."

Isdori akaurudisha uso kwa kaka yake, akasema polepole, "Nilijua. Lakini ulikuwa umefiwa na mtoto. Nikasema, hilo moja nimpunguzie. Kumbe nilikuongezea." Akauliza, "Na shemeji hajambo?"

Marselino alitikisa kichwa. Isdori alilia bila sauti, nguvu za sauti hakuwa nazo. Ndipo Marselino akamshika mikono yote miwili, wala hakuiachia mpaka uji ukaletwa.

Alikaa Milepa. Kila asubuhi alisoma aya moja kwa sauti, akabandua kibanzi kimoja, kikubwa sasa, cha kutosha kuchemsha uji wa mgonjwa. Masunga, ambaye hakuwahi kuingia kanisa lolote, alichelewa malishoni ili asikie aya. Siku ya kumi na tisa, kibanzi cha mwisho kikiwa chini ya chungu, Isdori alimezeshwa vijiko viwili, akakikataa cha tatu. Alikufa kabla moto haujazimika.

Walimzika palepale bondeni. Marselino alipanda tena uwandani akiwa na gunia tupu na kitabu kimoja. Uani kwake palikuwa na alama ndefu ya udongo mweupe ambapo hapakuwa pameota jani kwa miaka minane. Hapakuwa na mtu wa kumsomea, hapakuwa na kitu cha kubandua. Aliketi chini, kwenye udongo ule, akafungua mahali penye kile kibanzi chembamba kama ukucha, akasoma aya ya siku hiyo.

Jumapili iliyofuata, wakati wa kutakiana amani, aliitoa mikono mfukoni na kumgeukia kila mtu wa benchi lake, mmoja mmoja. Wale wawili aliowataka, mkewe na mdogo wake, hawakuwapo. Chuki ya mninga ilikuwa imemtoka, lakini ilikuwa imekaa muda mrefu kuliko watu. Wahenga hawakutuambia ni siku ngapi, wala ni nani atakayesalia kuota moto. Walituambia tu kwamba bandu bandu huisha gogo.