Ukanda wa Nyasi Juu ya Chemchemi

Ndirangu alikuwa mkulima wa mahindi wa Kachibora, Trans-Nzoia, na kwa miaka thelathini hakuwahi kuona nyasi akaziacha hai. Huko kwao, shamba lenye magugu mwezi wa Machi ni aibu. Wapita njia huuliza kama mwenyewe kafiwa. Kwa hiyo, mwaka wa 2006, alipouza nusu ya shamba lake na kununua kiwanja chenye mteremko kule Lugulu, ili ajenge nyumba kumi za kupangisha wauguzi na walimu, kitu cha kwanza alichokiwazia kilikuwa plau ya trekta.

Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Magoti yalikuwa yamemchosha, na mkewe Waithera alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mgongo wake hautaki tena kuinama. Nyumba zile ndizo zingekuwa shamba lao la uzeeni. Zikiharibika, wangebaki na nusu ya shamba na jembe la kupalilia, basi.

Kabla ya kazi kuanza, alikuja afisa wa mazingira kutoka Bungoma, binti mwembamba aitwaye Chepkorir, gambuti miguuni na daftari kwapani. Aliuzunguka mteremko wote, akashuka hadi kwenye chemchemi iliyokuwa chini ya kiwanja. Chemchemi yenyewe ilikuwa imejengewa ukuta mfupi wenye bomba moja, na zaidi ya kaya hamsini ziliteka maji hapo.

"Mzee, kibali utapata, lakini kwa masharti," alisema aliporudi. "Huku chini uache ukanda wa nyasi wa hatua kumi, usiuguse. Juu yake uchimbe mtaro wa fanya juu, udongo wake uurushe upande wa juu uwe tuta la kuzuia maji. Na usilime kiwanja chote kwa pamoja. Safisha tu pale unapochimba msingi, kwa sababu mvua iko karibu."

"Hatua kumi za nyasi? Si watu watasema nimeshindwa na shamba?"

"Wacha waseme. Hizo nyasi ndizo zinashika udongo."

Ndirangu akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi. Moyoni alijiambia kwamba msichana huyu hajui hata mpini wa jembe unashikwaje. Hatua kumi, kwa hesabu yake, zilikuwa nyumba mbili zinazoliwa na majani.

Fundi wake, Barasa, aliyezaliwa hapo hapo Lugulu, alijaribu kumsemesha. "Mzee, huo mtaro ni kazi ya siku mbili tu. Tuuchimbe kwanza."

"Barasa, mimi nimelima Trans-Nzoia tangu hujazaliwa. Ati leo unifundishe udongo?"

"Shamba lako la huko ni tambarare. Hapa maji yanashuka, bana."

"Wewe panga matofali."

Basi trekta likaja, likalima juu hadi chini, ukanda na vyote, kiwanja kikabaki cheupe kama sinia. Ndirangu alisimama akautazama udongo ule uliogeuzwa, akafurahi furaha ya mkulima. Misingi ikachimbwa. Kuta za safu ya chini zikafika usawa wa dirisha.

Mvua ya Aprili haikupiga hodi. Ilianza Jumanne mchana, ikanyesha saa tatu mfululizo. Ndirangu na Barasa walijibanza katika kibanda cha saruji, wakaona mteremko mzima ukianza kutembea. Maji yaliukumba udongo uliolimwa, yakajaza misingi, yakachimba chini ya kuta mpya. Ukuta wa kwanza ulilala polepole. Wa pili ukafuata. Tope lote likateremka kwenye chemchemi, bomba likafukiwa. Barasa alimtazama mzee, kisha akatoka mvuani kwenda kuokota matofali yaliyosalia.

Kesho yake asubuhi Ndirangu alitarajia makelele. Badala yake aliona msururu wa wanawake wakipanda mteremko, kila mmoja na karai kichwani. Mbele yao alikuwa Nasimiyu, msimamizi wa chemchemi, ambaye kila Jumamosi aliwaongoza wenzake kuifagia. Alilitua karai lake, akamwaga tope miguuni pa Ndirangu.

"Baba, udongo huu ni wako. Tumekurudishia."

"Mama, mnisamehe. Sikujua..."

"Uliambiwa. Yule msichana alipita kwetu pia."

Akasogea kando, mwingine akamwaga. Hakuna aliyetukana. Wa mwisho alikuwa bibi kizee aliyebeba tope katika sufuria ndogo, maana karai lilimshinda. Ndirangu aliona aibu mpaka machozi yakamlenga. Alichukua koleo, akateremka nao chini.

Kuifukua chemchemi kulichukua wiki tatu, na ukuta wake ukabidi ujengwe upya. Chepkorir alisimamisha ujenzi mpaka nyasi zipandwe tena. Zaidi ya hayo, kwa kuwa udongo ulikuwa umekwisha kulegea, mtaro peke yake haukutosha tena. Palihitajika ukuta wa mawe upana mzima wa kiwanja. Mawe yale yalimeza fedha za mabati, milango na madirisha. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, zilikuwa zimesimama nyumba tatu tu.

Waithera alikuja kuziona. Alizihesabu, kisha akarudia kuzihesabu.

"Baba Wamboi, uliambiwa uache nini hasa?"

"Nyasi. Na mtaro wa siku mbili."

"Nyasi tu?"

"Nyasi tu."

Waithera aliketi juu ya jiwe, mkono kiunoni. "Na sasa tutafanyaje?"

"Turudi Kachibora," Ndirangu alijibu, asiweze kumtazama usoni. "Kodi ya nyumba tatu haitatulisha. Mahindi yanangoja kupaliliwa."

Walirudi, na msimu huo wakapalilia wawili peke yao, mzee kwa magoti yake na mama kwa mgongo wake. Kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.