Maji Hayana Shemeji

Paukwa!

—Pakawa!

Wa nyuma mmeitikia kwa pua. Paukwa!

—Pakawa!

Haya. Hapo kale, mitungi ilipokuwa mingi kuliko wasemaji, na wasemaji mnajijua, paliondokea mfinyanzi, Bi Kidawa. Kila mtungi ukitoka tanurini, huugonga kwa kifundo cha kidole. Ngo, ngo, ngo. Mtungi mmoja akauuza, mwingine akaupasua. Watu wengine walisikia ngo ileile kwa yote.

Siku hiyo mfalme anaoza binti, anataka mitungi mitatu ya maji ya wageni. Akamtuma Mkaguzi Mkuu wa Mitungi, Bwana Shekue, mtu wa kamba na chokaa. Shekue akapima mdomo, akapima tumbo, akapima kitako. Yote mitatu akaitia alama ya chokaa, kwamba ni mizima.

Bi Kidawa akagonga wa kwanza. "Huu mbovu, mwanangu."

"Kwa kipimo gani?"

"Moyo umekataa."

"Moyo wako una shubiri ngapi, bibi?"

Watu wakacheka. Bi Kidawa akafura. Akagonga wa pili: "Mzima." Akagonga wa tatu, macho kayakaza kwa Shekue: "Na huu mbovu!"

Jamani, sheria ilikuwa fupi: anayekataa alama ya chokaa bila kipimo, tanuri lake livunjwe. Wakampeleka barazani, mitungi nyuma yake, askari wameshashika majembe.

Mfalme akauliza, "Mama, unajuaje?"

"Mwinyi, miaka arobaini nagonga. Kidole kinajua kabla yangu. Nikikiuliza, kinanyamaza."

"Hilo si jibu!" akadakia Shekue.

"Najua si jibu. Ndiyo maana naomba maji. Maji hayana shemeji."

Mitungi ikajazwa. Wa kwanza: tone. Tone. Tone. Kisha pwaa! Miguu ya mfalme ikalowa. Wa pili, kimya. Wa tatu, kimya. Wakangoja. Kimya kabisa.

"Mmeona?" Shekue akang'aa. "Moyo umesema uongo!"

Askari wakamtazama mfalme. Mfalme akamtazama bibi. Ninyi mngejiteteaje?

Bi Kidawa aliomba mtungi wa tatu umwagwe maji. Akauinamia, akafumba macho, akaugonga upya, taratibu. Akajipiga paja, akacheka.

"Mzima, Mwinyi! Mara ile sikugonga mtungi. Nilimgonga Shekue."

Mfalme alicheka hadi kilemba kikamlegea. "Tanuri libaki. Tangu leo kamba ipime, kidole kigonge, na asiringe mtu mpaka maji yaseme. Shekue, andika ripoti."

Shekue akaketi, akachovya kalamu, akaandika kwa mwandiko mzuri sana: *Mtungi wa kwanza ni mzima. Kasoro ni ya maji.*

Ngano nimeitua. Palipo na utamu bebeni, palipo na ufa niachieni mwenyewe.