Kwa Nini Wenye Magari Makuukuu Hupuliza Mfuniko wa Tangi

Siku ile kijitoni walikuwapo Mzee Hoza na Pijo yake nyeupe, Mzee Singano na Landrova, Bi Mwajabu na kigari cha mviringo alichoachiwa na marehemu mumewe, na Stumai, mkamwana wa Hoza, mjamzito wa miezi ya mwisho, amekaa juu ya jiwe na miguu majini. Hakuwapo mwingine.

Enzi hizo wenye magari makuukuu wa huku kwetu milimani hawakupuliza chochote. Waliingia, wakawasha, wakaondoka. Jumamosi waliosha magari pamoja, na maongezi yao yalikuwa wadudu. Singano alisema mchwa wamekula ubao wa kiti cha nyuma mpaka abiria wake anasafiri amechuchumaa. Bi Mwajabu alidai mende wake wamemzidi umri, na akipiga honi hutoka kumsikiliza shida yake.

Wakiwa wanacheka, Singano akaona tope juu ya mfuniko wa tangi la Pijo. Nyigu alikuwa akienda majini na kurudi, kila safari na kidonge chake cha tope.

"Hoza, mpangaji wako anapiga lipu. Mbandue."

Hoza akatoa bisibisi. Stumai akamzuia.

"Mwache, baba. Naye anawajengea wanawe."

Hoza alimpenda mkamwana wake. Akairudisha bisibisi mfukoni. Hakuna aliyekumbuka kitundu kilicho kwenye mfuniko, kinachoingiza hewa tangini petroli inapopungua.

Siku chache baadaye, asubuhi, uchungu ulimshika Stumai, na damu ikatangulia. Hoza akamlaza kwenye kiti cha nyuma, mkewe akampakata kichwa. Pijo ilishuka vizuri, lakini katikati ya mlima wa hospitali ikakohoa, ikazima. Hoza akasafisha plagi, akafungua kabureta, akaikuta kavu ilhali tangi limejaa. Baada ya kungoja iliwaka, ikasogea, ikazima tena. Watu waliokuwa wakienda sokoni walitua mizigo wakaisukuma. Mama mmoja alivua kanga yake ya mabegani, akamfunika Stumai, akarudi kusukuma.

Singano alipopata habari alikuja mbio na Landrova. Kabla hata ya kuuliza, aliufungua ule mfuniko. Tangi likavuta hewa kwa mlio mrefu, na kila mtu akausikia. Pijo ikawaka mara moja, ikapanda mlima bila kukohoa.

Daktari alimwokoa mtoto. Stumai alikuwa amepoteza damu nyingi mno.

Baada ya maziko, Hoza alisimama nyuma ya gari lake.

"Mimi ndiye niliyekuwa na bisibisi," alisema.

"Na sisi ndio tuliocheka," Singano akamjibu.

Hoza akautoa mfuniko, akaukwangua tope, akaupuliza mpaka pumzi ikatokea upande wa pili. Bi Mwajabu alikwenda kwenye kigari chake, akautoa mfuniko wake naye akapuliza, ingawa haukuwa na tope. Singano akafanya vivyo hivyo.

Ndiyo sababu mpaka leo, huku kwetu, mwenye gari kuukuu hawashi kabla ya kupuliza mfuniko, hata kama anakwenda dukani tu. Wageni hudhani tunayabusu magari.

Yule mtoto alinyonyeshwa na mke wa Singano, aliyekuwa na mtoto wake mchanga.