Vidole Vinne Ukutani

Mwenye nazi hulia pakacha likivuja njiani, maana kila nazi inayodondoka ni hasara yake. Lakini muulize aliyelibeba kichwani. Kwake yeye, nazi iliyodondoka ni shingo iliyopumzika. Desmond Lumb wa Halifax hakuwahi kuliona pakacha maishani mwake, maana mji wao ni wa mvua na mawe, lakini maneno haya ya wahenga yalimfuata mpaka sebuleni.

Kazi yake ilikuwa ufundi bomba, na starehe yake ilikuwa kutafuta makosa katika michezo ya zamani ya runinga. Wengine hutazama wajue nani atamwoa nani. Yeye alitafuta maikrofoni inayoning'inia juu ya kichwa cha bibi harusi, au saa ya mkononi kwa mfalme wa kale. Kila Alhamisi jioni yeye na wenzake walikutana chumba cha juu cha baa, wakatia kanda kwenye deki, na aliyeona kosa aligonga bilauri mezani ili picha isimamishwe. Aliyepitwa na kosa la wazi alivalishwa kofia ya sufu ya rangi ya chungwa, yenye kishada utosini, na sharti lilikuwa aivae kila atokapo nje mpaka Alhamisi ya pili. Waliiita kofia ya kipofu. Trevor Haigh, ambaye mkewe ndiye aliyeifuma, alikuwa ameivaa kuliko wote. Desmond hakuwahi kuivaa hata mara moja. Wakamwita Bwana Macho, naye jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Basi ikatokea kwamba wenye mchezo wa zamani uitwao Jumba la Thornley walitaka kuutoa upya kwenye diski. Wakamwomba Desmond awaonyeshe makosa yote, mafundi wao wayafute kwa kompyuta, na jina lake litokee mwishoni. Desmond akavimba kichwa, tusifichane. Akatazama mchezo mzima upya, na katika karamu ya matanga akakumbana na jambo ambalo halijawahi kuonwa na mtu. Mtumishi anaubamiza mlango kwa hasira. Ukuta, ambao ni ubao uliopakwa rangi, unatikisika na kuanza kulalia meza. Hapo vidole vinne vinachomoza gizani kando ya pazia, vinaukamata ukuta na kuushikilia mpaka mjane wa mchezoni amalize kulia.

"Trevor atakoma safari hii," Desmond alijisemea. Akaliweka kosa hilo kiporo, awashangaze nalo wenzake Alhamisi kabla ya kulipeleka kwa wenye mchezo.

Jumatano akabisha hodi Nesta Crowther, mama mjane wa nyumba ya pili, ambaye mumewe alifariki kabla Desmond hajahamia mtaa ule.

"Desmond mwanangu, deki imetafuna mkanda wangu. Najua wewe ni mtu wa mabomba, lakini njoo ujaribu hivyo hivyo."

Desmond akaunasua mkanda taratibu, akaukaza kwa penseli, akaurudisha. Kumbe ulikuwa Jumba la Thornley. Picha ilikwenda vizuri mpaka karamu ya matanga, kisha ikajaa chenga. Desmond alizijua kanda. Mkanda hauchakai mahali pamoja ila umesimamishwa na kurudishwa hapo miaka na miaka.

"Mama Crowther, unatazama nini hapa?"

Nesta aliinuka, akaweka kidole kwenye kioo, kando ya pazia. "Namtazama Ernest wangu. Alikuwa msimamisha kuta studio. Unakiona hicho kidole cha mwisho kilivyopinda? Alikivunja kwenye kriketi."

Desmond akakiona.

"Picha za kawaida ninazo," Nesta aliendelea, "amesimama kama kigogo. Hapa yuko kazini. Ngoja, tazama kinavyosogea. Anatafuta pa kushika vizuri. Ndivyo alivyokuwa anashika kila kitu, hata mkono wangu."

"Mbona hujawahi kumwambia mtu?"

"Niwaambie wewe na walevi wako mumcheke? Mwenyewe alikuwa akisema, msimamisha kuta akionekana ameharibu kazi. Siku ile alirudi nyumbani hata chakula hakula." Akamtazama Desmond. "Huu mkanda hauna maisha tena. Nasikia diski zinakuja. Huko nako atakuwemo, sivyo?"

Desmond aliinywa chai yake mpaka majani ya chini. "Atakuwemo," akasema.

Alhamisi baani hakusema kitu. Kesho yake akawapelekea wenye mchezo maikrofoni zote, saa zote na vivuli vyote. Vidole vinne akaviacha. Roho ilimuuma kama mwindaji aliyemwacha porini mnyama mkubwa kuliko wote aliowahi kuwalenga.

Diski zikatoka majira ya kuchipua, picha safi kama maji ya kisima. Wakaitazama baani, na ilipofika karamu ya matanga, Trevor akagonga bilauri.

"Simamisha hapo. Bwana Macho, hebu tusaidie. Hizi ni soseji?"

Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Jina lako limeandikwa mwishoni kwa herufi kubwa," Trevor akasema, "halafu umeacha kiganja kizima. Miwani hiyo unavaa ya nini, urembo?"

"Lakini huyu mjinga ni nani?" mwingine akadakia. "Kajificha nyuma ya pazia kama mwizi wa kuku."

Desmond alihisi damu ikimpanda usoni. Kumtetea Ernest kungekuwa kutoa siri ya Nesta. Kunyamaza kungewaacha wamcheke marehemu usiku kucha. Akanyoosha mkono. "Nimepitwa. Lete kofia."

Wakamsahau mwenye vidole papo hapo. Trevor mwenyewe alimvalisha, akamnyooshea kishada, na vicheko vyote vikamwangukia Desmond.

Asubuhi alitoka na mkoba wake wa spana, kofia ya chungwa kichwani kama sharti lilivyotaka. Nesta alikuwa anafagia mlangoni, na nyuma yake, kupitia dirisha, picha ya runinga ilikuwa imesimamishwa kwenye karamu ya matanga. Vidole vilionekana hadi kwenye kucha.

"Umevaa nini hicho, mwanangu?"

"Adhabu. Kuna kosa sikuliona."

Nesta aliitazama kofia, akageuka akaitazama runinga yake, kisha akamrudia Desmond. Macho yakamlengalenga. Akaegemeza ufagio ukutani, akamwekea kofia sawa, maana ilikuwa imelala upande.

"Pita kwanza," akasema. "Nimechemsha chai, na Ernest yuko ndani."

Desmond akaingia na kishada chake. Hasara waliipata wenye ukuta ulioyumba, na kwa mjane aliyebeba upweke miaka yote ile, kuvuja kwa pakacha kulikuwa nafuu ya mchukuzi.