Ufunguo Mmoja wa Gari la Mzee Shemndolwa

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana kisa hiki kimeshagombanisha watu wazima na akili zao.

Bi Mwanamvua wa Tanga alijaaliwa watoto watatu, kila mmoja na chake. Hizza, mkubwa, hakusahau kitu alichokiona hata mara moja, na ulimi wake ungemtoa nyoka pangoni. Tunu, wa kati, alikuwa na masikio: akisimama kando ya injini kidogo tu, anakwambia inaumwa wapi. Waziri, kitinda mimba, alikuwa na mikono. Mti na bati vilimtii.

Baba yao, Mzee Shemndolwa, aliacha nyumba, mashamba na gari. Nyumba na mashamba viligawika kwa amani. Gari ndilo lililokuwa gumu. Lilikuwa jeusi, refu, la enzi za mkonge. Injini yake ilitoka kiwandani, lakini bodi aliiunda fundi kwa mkono, alumini juu ya mifupa ya mti, kwa hiyo halikuwa na pacha duniani. Ndilo lililomshusha Bi Mwanamvua kutoka Lushoto siku ya harusi yake. Mzee aliusia hivi: "Ufunguo apewe mmoja, aliyelifaa gari kuliko wenziwe. Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

Lakini Mzee alipofariki, mama hakuwa na moyo wa kuchagua. Gari likawa la wote, na la wote halikufunikwa na yeyote. Kwa miaka kumi na tisa mchwa walikula mbao, kuku walitagia chini yake, jamaa wakachomoa walichokitaka. Bi Mwanamvua aliufunga ufunguo kwenye pindo la kanga, na kila akitazama uani roho ilimuuma. Alipotimiza miaka themanini akawaita wanawe.

"Nataka kupanda Lushoto kwa gari lililonishusha," akasema. "Siku hiyo nitamkabidhi mmoja wenu ufunguo, nikiwa hai. Sitaki mje kuugombania kwenye matanga yangu."

Hizza akaanza kukusanya. Alikumbuka kila kipande kilikokwenda. Taa zilikuwa kwa kinyozi wa Korogwe, viti sebuleni kwa mwalimu mstaafu, na mlango wa kushoto ulikuwa mlango wa banda la kuku la shangazi yao kule Muheza. Shangazi alikataa katakata. Hizza akamjengea banda jipya, akala ugali wake siku nne, akarudi na mlango wenye kinyesi cha kuku. Kwa miaka miwili hakubakiza hata skrubu.

Waziri akaunda mifupa mipya ya mvule, akagonga bati kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa mchanga, akanyoosha kila kitu kama rula. Milango ikakataa kufunga. Mama akapapasa ubavu wa gari, akacheka. Gari hili, akamwambia, lilizaliwa limepinda, upande wa kushoto umezidi vidole viwili, na mumewe alilipenda hivyo hivyo. Waziri alinuna siku moja tu. Kesho yake akabomoa kazi ya miezi minane, akaanza upya, safari hii akipinda makusudi.

Injini ilikuwa imekwama, na vipuri vyake havikuuzwa popote. Tunu akaimwagia mafuta, akangoja wiki, akaisukuma kidogo, akangoja tena. Kipuri kilichooza alichonga kipya mwenyewe. Mafundi wenzake wakamshauri atie injini ya kisasa wamalize kazi. Akakataa. Mwezi wa kumi na moja ikakohoa, akaegemeza kijiti kwenye injini, ncha ya pili sikioni, akasikiliza, akasema bado. Mwezi wa kumi na nne ikanguruma, na mama akalia bila kujificha.

Wakaondoka asubuhi. Mama aliutoa ufunguo wakawasha, kisha akaufunga tena pindoni, maana gari hilo la zamani likishawaka halikuuhitaji. Walipofika Mombo wakaanza kupanda kona za mlima. Barabara ikawarusha, mifupa ya Waziri haikulia. Mlima ukakaza, injini ya Tunu haikuchemka. Karibu na Soni ukungu ukashuka mpaka hawakuona ukingo wa korongo, na ni taa alizozirudisha Hizza zilizowaonyesha njia. Mama alikaa nyuma, wima, mkono juu ya pindo la kanga.

Wakafika mbele ya nyumba alimotolewa akiwa bibi harusi. Wakaandaliwa chai, na Bi Mwanamvua akafungua fundo.

"Mama, bila mimi kungekuwa na injini juu ya matofali," akasema Hizza. "Lisingekuwa gari hili."

"Vipande vyako kaka vilikuwa rundo," akasema Waziri. "Mimi nimevipa mwili, mara mbili."

Tunu hakupandisha sauti. "Mwili usiopumua ni maiti. Baba hakuacha sanamu, mama. Aliacha gari."

Bi Mwanamvua akawatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa wamesema kweli, na hilo ndilo lililomchoma. Kuwapa wote ni kulirudisha gari kwa mchwa. Kumnyima mtu ni kumnyima aliyestahili. Lakini safari hii hakuufunga tena ufunguo. Aliuweka mezani, kando ya kikombe.

"Chai hii ikipoa," akasema, "mmoja wenu atalirudisha gari Tanga, na ni lake."

Basi, wenzangu, mvuke ndio huo unakwisha, na bibi ameshanyoosha mkono. Je, ungekuwa wewe, ungempa nani?