Rimoti ya Bwana Mwakatobe

Asubuhi moja ya baridi kule Tukuyu, tajiri Mwakatobe aliegesha gari lake jipya mbele ya baraza ya jirani yake Bibi Tumpe, muuza maandazi, likaziba jua lote. Bila jua donge lake la unga halikuumuka, na bila donge hakuwa na biashara.

“Lisogeze, mwanangu.”

“Sisogezi, bibi. Hapa naliwasha kwa rimoti nikiwa mezani kwangu nakunywa chai.”

“Mwongo wee. Si litaibiwa likiunguruma peke yake?”

“Bila ufunguo haliendi popote.”

“Majirani hawataamini. Nitawaleta kwako waone unavyobonyeza, mimi nibaki nje nihakikishe limewaka.”

Akaja jirani wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mmoja Mwakatobe alimbonyezea upya, kifua mbele, na nje gari likaitika.

Alipotoka kwenda kazini, alimkuta Bibi Tumpe akiteremsha sinia kutoka juu ya boneti. Donge lilikuwa limeumuka hadi linamwagika.

“Asante kwa joto, mwanangu. Na kesho uliwashe mapema.”

“Gari langu si jiko lako,” akafoka Mwakatobe.

Kesho yake akalificha nyuma ya nyumba yake. Bibi Tumpe akaweka sinia lake kwenye jua lililorudi barazani, akawaita wale majirani watatu waje waonje andazi la kwanza.