Muhanga Aliyesema Amefika Chini ya Dunia

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa mlima, na shimo, na mwenye shimo.

Hapo zamani za kale Muhanga, mnyama mchimba mashimo, alichimba mlimani. Kwaru, kwaru, kwaru. Siku ya saba kucha zikagonga mwamba, ko! Akajaribu tena, ko! Akarudi juu. Wanyama wakamuuliza amefika wapi. Akaona haya kusema ameshindwa. Akasema amefika chini kabisa ya dunia, na huko ni mwamba baridi mtupu. Wakampigia vigelegele.

Msimu mmoja ardhi ikaguruma. Tutututu. Chemchemi ikafuka mvuke. Bi Tembo akakandamiza nyayo zake chini, akasikiliza. Akaeleza kuwa ndugu zake wa nchi za mbali nao husikiliza hivyo mitetemo ya ardhi, kisha hupelekeana habari. Mitetemo mingine hufika upesi, mingine huchelewa, mingine haifiki kabisa, kulingana na vitu inavyopitia huko chini. Ndivyo walivyojua: juu kuna ganda, jembamba kama la yai. Chini yake mwamba wa moto unaosogea polepole. Chini zaidi chuma kilichoyeyuka kama uji. Katikati kabisa chuma kigumu, kimebanwa pande zote.

"Mlima huu una moto," akasema. "Tuhame."

Wote wakamgeukia Muhanga. Ule mwamba hakuupita hata kwa ukucha. Lakini wangemwonaje akikiri sasa?

"Mimi nilifika," akasema. "Ni baridi."

Wengi walihama. Nungunungu, mama wa watoto watatu, alimwamini, akabaki. Na Muhanga mwenyewe? Jioni ile aliondoka kimyakimya, bila kumwambia mtu.

Kulipopambazuka mlima ukapasuka, puu! Moto ukashuka. Nungunungu akatoka na watoto wawili.

Muhanga aliporudi, alimkuta kwenye majivu. Alitaka kusema hakujua. Akaliacha neno hilo. Macho hayakuinuka.

"Dada, sikufika," akasema. "Niliishia kwenye mwamba. Niliona aibu kusema."

"Ungeniambia jana," akasema Nungunungu. Akawakusanya wawili wake, akaenda.

Muhanga akapita kwa kila mnyama, mlango kwa mlango, akisema neno moja: sikufika. Hakuna aliyemtukana. Hilo lilimchoma zaidi. Ndiyo maana hata leo mchana humwoni. Hujificha asikutane na macho ya wenzake.

Wanangu, na ninyi wakubwa mliokaa nyuma: usichokijua, sema hukijui, kabla mwenzako hajakiegemea.

Hadithi yangu imetua hapo.